Pikipiki Nyepesi kwa Safari ya Mbeya

Ukikaa saa chache pale Chalinze, penye njia panda ya Tanga na Morogoro, hasa katika miezi ya kiangazi, si ajabu ukaiona pikipiki kubwa ya mgeni ikiingia kituo cha mafuta. Ina masanduku ya bati ubavuni, kioo kirefu cha kukinga upepo, na tangi lililotuna kama nundu ya fahali. Vijana wa bodaboda huacha mazungumzo yao wakaikodolea macho. Hapo hutamkwa hukumu ambayo wengi wetu tunaiamini: hiyo ndiyo pikipiki ya safari ndefu, na hizi zetu ni za kwendea sokoni.

Hukumu hiyo yafaa kupimwa, na mahali pazuri pa kuipimia ni barabara yenyewe. Kutoka Dar es Salaam hadi Mbeya ni kilometa 830 hivi, na ndani yake mna joto la pwani, hifadhi ya wanyama, mlima mkali na baridi ya nyanda za juu. Nakukaribisha tuisafiri pamoja katika ukurasa huu tukiwa na swali moja: msafiri wa umri wa makamo, mwenye mfuko wa kawaida, achague chombo gani ili afike akiwa bado ana hamu ya kuwaamkia wenyeji wake? Swali hili si la mchezo. Wako wasomaji waliokwisha kustaafu, kiinua mgongo ki mkononi, na nyumbani ni Rungwe au Njombe. Fedha iliyonunulia chombo kisichofaa hairudi, na nyonga ikivunjika katika umri wa miaka 60 haiungi upesi kama ya kijana.

Tuanze na uzito, maana ndio mzizi wa jambo. Pikipiki za safari zilizo kubwa kabisa, kama vile Honda Gold Wing, hupita kilo 350. BMW za aina ya GS zenye injini kubwa, zinazopendwa na wageni wanaovuka Afrika, hukaribia kilo 250 kabla ya kufungwa mizigo. Royal Enfield Himalayan ya India, ambayo kwa wenzetu huhesabiwa kuwa ya wastani, hukaribia kilo 200. Sasa itazame Boxer au TVS ya cc 125 au 150 iliyoegeshwa chini ya mwembe: ni kati ya kilo 110 na 130 hivi.

Pikipiki inapokwenda, uzito wake hujificha. Hujitokeza inaposimama: unapoigeuza juu ya changarawe, unapoirudisha nyuma kwenye mteremko, au inapokulaza katika utelezi. Ile ya kilo 120 mtu mzima mwenye afya huweza kuiinua peke yake. Huipa mgongo, hushika usukani kwa mkono mmoja na keria kwa mkono wa pili, kisha husukuma kwa miguu. Ya kilo 250 pamoja na mizigo yake humlazimu mtu wa kawaida kungoja wapita njia. Na mpandaji hulijua jambo hilo mchana kutwa. Kila aonapo mchanga mabega hukaza, viganja hubana usukani, na sehemu kubwa ya uchovu wa jioni hutoka humo, wala si kwenye kiti.

Wala tusidhani kuwa safari za mbali zilianza na injini kubwa. Muingereza Ted Simon alipozunguka dunia kati ya mwaka 1973 na 1977, akashuka Afrika yote toka Tunisia hadi Afrika Kusini, alipanda Triumph ya cc 500. Mwenzake Lois Pryce alikwenda kutoka London hadi Cape Town, kupitia Sahara na Kongo, juu ya Yamaha ya cc 250, na kitabu chake juu ya safari hiyo kilitoka mwaka 2008. Kwetu sisi wa huku iko habari iliyo karibu zaidi. Mwaka 1976 Honda walitoa pikipiki ya CG 125, iliyobuniwa makusudi kwa nchi ambazo chombo hubebeshwa kupita kiasi na oili husahauliwa. Waliacha mtambo wa cheni ndani ya injini wakatumia fito za kusukuma vali, ambazo ni rahisi na huvumilia mengi. Viwanda vya China viliinakili injini hiyo mara nyingi, na ndiyo sababu hata leo fundi wa kijijini, asiye na kitabu chochote, huweza kuifungua na kuifunga pikipiki ya jamii hiyo. Ukiharibikiwa Igawa, jambo hilo lina thamani kuliko kioo kirefu cha upepo.

Basi twende. Ondoka Dar es Salaam alfajiri. Sehemu ya Kimara hadi Kibaha, iliyopanuliwa kuwa ya njia nane, haina la kusimulia ila msongamano. Baada ya Mlandizi na daraja la Ruvu upepo huanza kukufundisha. Ukiongeza mwendo kutoka kilometa 60 kwa saa hadi 80, nguvu ya upepo kifuani hukaribia kuwa maradufu, na injini ndogo hulia. Injini ya silinda moja ikilia, mtetemo wake hupita kwenye usukani na vikanyagio, na baada ya saa moja vidole hufa ganzi. Dawa yake ni ya bure: shuka hadi 60 au 65, uitafute ile sauti ambayo injini haionekani kujitahidi, ukae hapo. Kwa mwendo huo utapata kilometa 40 kwa lita moja, pengine na zaidi, na safari nzima itakula lita 20 na kitu.

Wako mafundi watakaokushauri kubadilisha spoketi, uweke ya mbele yenye jino moja zaidi ili injini izunguke polepole. Kwa mtu wa Dodoma na Singida ushauri huo ni mwema. Kwa mtu wa Mbeya, ngoja kwanza tufike Kitonga.

Kuhusu kiti nina neno refu kidogo, kwa kuwa hapa ndipo watu hudanganyika dukani. Kiti laini humfurahisha mnunuzi kwa dakika tano. Baada ya kilometa 100 sponji imekwisha kunywea, na mifupa ya makalio imekalia bati. Kiti kigumu kiasi, kipana kwa nyuma, ndicho rafiki wa safari. Na kama chako si hivyo, mpelekee fundi wa makochi akitie sponji nzito, kisha tandika juu yake ngozi ya kondoo. Jaribu pia mikao mitatu kabla ya kulipa: nyayo zote mbili zikanyage ardhi uketipo; magoti yasikunjike kupita pembe mraba; viwiko vibaki vimelegea unaposhika usukani. Mrefu akinunua pikipiki fupi atapona mgongo kwa kuinua usukani kidogo. Mfupi aliyenunua pikipiki ndefu ataanguka nayo kila penye kituo.

Morogoro, kiasi cha kilometa 190 toka Dar es Salaam, hupokelewa na milima ya Uluguru iliyojitanda mkono wa kushoto. Pumzika hapo, unywe maji mengi, kwani mbele ni joto. Baada ya Doma unaingia Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyotangazwa mwaka 1964, na barabara kuu inaipasua kwa kilometa 50 hivi. Mwendo umewekewa mipaka humo, yako matuta, na magari makubwa kwa madogo hulazimika kunyenyekea. Katika kipande hiki mwenye pikipiki kubwa hana faida yoyote juu yako. Swala hukatiza ghafla, nyani huketi katikati ya lami kama wenye mali, na tembo akiwa kando ya njia msafiri mwenye busara husimama mbali, huacha injini ikiunguruma, akangoja gari kubwa limtangulie. Ukilazimika kugeuza katika upana wa lami utashukuru kwamba ulicho nacho chageuka kwa mkono mmoja. Usiku usipite kabisa.

Toka mji wa Mikumi barabara huteremkia bonde la mibuyu. Hakuna mahali pazuri kuliko hapa katika safari yote, na mpanda pikipiki nyepesi hupaona kuliko abiria wa basi. Mibuyu imesimama kwa mamia juu ya vilima vikavu, mingine minene kama nyumba, na Ruaha Mkuu unakwenda na barabara. Pale Ruaha Mbuyuni vitunguu vimepangwa barabarani kwa rundo na kwa gunia. Nunua kilo mbili ukipenda. Zaidi ya hapo utaulizwa na mlima.

Na mlima wenyewe ni Kitonga. Barabara hujikunja juu ya ukingo wa mwamba, lori kwa lori zikipanda kwa gia ya kwanza, moshi umetanda, na upande wa pili ni korongo. Hapa pikipiki ya cc 125 haina haya kushuka hadi gia ya pili. Ikiwa umebeba mtu mzima nyuma pamoja na mizigo, itashuka hadi ya kwanza, itapata moto, na nyote wawili mtateseka. Maoni yangu ni wazi: chombo cha namna hii ni cha mtu mmoja katika safari hii. Mwenzi wako na apande basi, mkutane Iringa mkiwa bado mnapendana. Mizigo nayo ifungwe chini na karibu na mwili, si mnara juu ya keria, maana uzito ulio nyuma ya gurudumu la nyuma huinua la mbele, na usukani huwa mwepesi mahali ambapo wahitaji uwe mtiifu. Hapa pia ndipo utajua kwa nini nilikuzuia kubadilisha spoketi. Lile jino la ziada lililokupa utulivu Chalinze, Kitonga hulidai na riba yake.

Sasa yapasa niseme kinachotolewa upande wa pili wa mizani, kwani makala ya kusifu tu hayamsaidii anayelipa. Barabara hii imekuwa ya malori tangu Rhodesia ilipojitangazia uhuru wa walowezi mwezi Novemba 1965, na mafuta ya Zambia yakaanza kusombwa kutoka Dar es Salaam juu ya vumbi na matope. Madereva wa kigeni waliita njia ya jehanamu. Lami ilikuja, malori hayakuondoka. Lori lenye tela likipishana nawe kwa kasi, dharuba yake huisukuma pikipiki ya kilo 120 hatua nzima kando, ambapo ile ya kilo 250 hutikisika tu. Tena hutakuwa na nguvu ya kulipita upesi. Kupita lori kwa pikipiki ndogo ni kazi ya kungoja, wakati mwingine kilometa kumi. Legeza viwiko, inama kidogo dharuba inapokuja, kaa mahali ambapo dereva akuona kiooni, na uwe na koti la rangi inayong'aa. Asiyeweza kungoja asinunue pikipiki nyepesi. Na mwenye nia ya kupakia mtu kila safari aanzie cc 200 au 250, akubali kilo 20 au 30 za ziada. Hilo si kosa.

Baada ya Ilula, penye nyanya na vitunguu, Iringa huonekana juu ya mlima wake, mita 1,550 hivi kutoka usawa wa bahari. Lala hapo. Pikipiki nyepesi huigawa safari hii katika siku mbili au tatu, na asiyeridhika na mgawanyo huo mwili wake utamridhisha kwa nguvu.

Asubuhi utakuta injini si ile ya jana. Hewa ya juu ni nyepesi, na injini ya kawaida hupoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 unazopanda. Kabureta huendelea kumimina petroli ileile katika hewa iliyopungua, na injini hulewa: plagi huwa nyeusi, mlio huwa mzito. Hakikisha kichujio cha hewa ni safi, usiilazimishe, nayo itakwenda. Mpandaji ndiye mwenye shida kubwa zaidi. Kutoka Mafinga, penye misitu ya misonobari ya Sao Hill, hadi Makambako, baridi ya Juni na Julai huingia mifupani. Fulana mbili, sweta, na juu yake koti lisilopitisha upepo. Glovu zisizo nene mno hata zikakunyima klachi. Na gazeti la jana chini ya koti, kifuani. Gazeti ni kinga nzuri ya upepo kuliko wengi wanavyodhani, na mhariri asichukie.

Makambako njia ya Njombe na Songea inakuacha, na reli ya TAZARA iko jirani. Barabara huteremka tena hadi joto la Igawa na Chimala, ukingoni mwa bonde la Usangu, halafu hupanda kwa mara ya mwisho kuelekea Uyole. Kabla ya kupanda, kagua cheni. Kwa kilometa 700 itakuwa imelegea, na kuikaza ni kazi ya spana mbili na robo saa. Tia oili kidogo juu yake. Tazama na spoku za gurudumu la nyuma, kwani ndizo zilizobeba kila shimo.

Mbeya utaingia jioni, mita 1,700 juu, mlima Loleza ukiwa umefunikwa na ukungu. Tafuta nyumba ya wageni iliyo na ua. Pikipiki haifai kulala nje mjini, na hapa kizingiti cha mlango huwa kirefu, ukumbi huwa mwembamba, na mlinzi mara nyingi ni mzee kuliko wewe. Mpe mkono wa kushika keria, nawe shika usukani, mwiinue gurudumu la mbele kisha la nyuma, na mnaiegesha kando ya pipa la maji kabla chai haijapoa.