Gari la Marehemu Lina Wenyewe

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Ndugu zangu, tangu niweke picha ya Land Rover iliyopandishwa juu ya magogo uani kwetu Ngamiani, maswali niliyoyapata yameshinda yale ya somo zima la zaka. Wengi wanauliza injini, rangi, bei ya matairi. Vijana wa Muheza na Korogwe wanaomba namba ya fundi. Mmoja tu, Allah amjaalie kheri, aliuliza hili: "Sheikh, gari la mzee wenu, mligawana vipi?"

Nitajibu yote, ya spana na ya mirathi, maana kwenye gari hili yameshikana.

Ni Land Rover 109, Series III, ya mwaka 1976, pikapu. Mzee aliinunua mwaka 1988 kwenye mnada wa shamba moja la mkonge, ikiwa imeshachoka. Akabebea samaki kutoka Moa na nazi kutoka Pangani. Mtaani kwetu aliyefiwa hakuhangaika na gari la kukodi: jeneza lilipanda nyuma ya Land Rover ile, na mzee hakupokea hata senti ya petroli. Alifariki mwaka 2009, rahimahullah. Gari likasukumwa chini ya mwembe, likakaa hapo miaka 15 na zaidi.

Pita mitaa yetu, Chuda, Makorora, Mabawa, nenda hata Pangani, utayaona magari ya namna hii. Peugeot 504 imekalia rimu, kuku anatagia kiti cha nyuma. Ukiuliza, unajibiwa kwa sauti ya chini: la marehemu. Watu hudhani yamekwama kwa kukosa spea. Mimi nasema mengi yamekwama kwa kukosa kikao. Atakayeligusa ataambiwa kalichukua, na hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kulitamka neno "mgawanyo" mama yao akisikia. Basi linaachwa. Na kutu ya Tanga, kwa upepo huu wa chumvi, haimsubiri mtu.

Halafu lipo neno jingine linaloua haki za watu: "ni bati tu." Shamba la minazi tutaligawa kwa kamba, na nyumba tutaitia wathamini. Ila gari bovu, cherehani, baiskeli, ngalawa, huchukuliwa na aliye karibu. Aya ya 7 ya Suratun Nisaa imekitaja kichache kama ilivyokitaja kingi. Allah hakutuachia sisi kuamua kipi ni kidogo mno hata kisirithiwe.

Sasa hesabu yetu. Mazishi na madeni vilimalizwa mwaka uleule wa 2009, wasia haukuwepo. Aliacha mke mmoja, mama yetu. Wana wawili wa kiume, mimi na mdogo wangu. Na mabinti watatu. Mama ana thumni, yaani 1/8, kwa kuwa marehemu ana watoto. Kinachobaki ni cha watoto, mwanamume mafungu mawili na mwanamke fungu moja. Ikaja nyepesi ajabu: mafungu 8 kamili. Mama 1, sisi wanaume 2 kila mmoja, mabinti 1 kila mmoja.

Wepesi uliishia hapo. Mmoja wa mabinti hao ni wa mama mwingine, aliyeachwa zamani, na anaishi Wete, Pemba. Mama yake hana fungu kwa kuwa talaka ilishapita miaka mingi, lakini yeye ni binti wa marehemu sawasawa na dada zangu wa tumbo moja. Kwenye kikao baba mdogo mmoja akasema, "Yule hakulelewa hapa, gari lenyewe halijui, tusimsumbue." Tusimsumbue! Haki huliwa kwa adabu namna hii.

La pili lilikuwa zito zaidi. Mdogo wangu alifariki mwaka 2019, akaacha mjane na watoto wawili, mvulana na msichana, ambao mpaka leo hawajabaleghe. Mafungu yake mawili hayakuzikwa naye. Yamegeuka mirathi ndani ya mirathi: mama yetu ana sudusi kwa mwanawe, mjane ana thumni, na kilichobaki ni cha mayatima.

Akainuka na mzee wa mtaa, mtu ninayemheshimu, akasema gari lile ni wakfu wa jeneza, maana miaka yote lilizika watu. Niache nilieleze hili kidogo, kwa sababu linatokea sana hapa pwani. Kwa madhehebu yetu ya Shafi, wakfu unahitaji tamko. Mtu anaweza kuwasaidia watu kwa mali yake miaka 20 na ikabaki mali yake. Hakuna aliyemsikia mzee akitamka wakfu, hakuna aliyeandikiwa. Ule ulikuwa wema wake, na ujira wake uko kwa Mola wake. Sisi tulioachwa hatuwezi kumtamkia wakfu kaburini na kuwanyima mayatima wa mwanawe.

Kisha ikaja ile kauli tamu. Wakiwa wamekaa mkekani, mbele ya wazee, wote wakasema: tumesamehe, lichukue wewe, ulifufue, tulione tena barabarani. Hata shemeji yangu, mjane, akasema watoto nao wamesamehe.

Watoto hawasamehi, ndugu zangu. Mtoto asiyebaleghe hana msamaha wa mali, na mama yake hawezi kumsamehea, wala ami yake, hata akiwa sheikh. Soma aya ya 10 ya sura hiyohiyo uone anayekula mali ya yatima anakula nini tumboni mwake, kisha utafute nguvu ya kusema "ni bati tu".

Na hao wakubwa? Msamaha wao niliushukuru, lakini sikuutumia. Mwanamke anayeulizwa mbele ya kaka zake na wazee wa ukoo kama anadai fungu lake kwenye gari bovu, unategemea ajibu nini? Wanazuoni wamelisema zamani: mali iliyotolewa kwa kuona haya haiwi halali kwa aliyeichukua. Nikasema, gari nalinunua. Tutalithamini, kila mtu atapokea fungu lake mkononi. Atakayependa kunirudishia, milango iko wazi.

Kuthamini nako kuna mtego. Oktoba 2024 Land Rover zilikusanyika Arusha kwa mamia, za zamani na mpya, na baada ya hapo simu zikaanza kuulizia hizi 109 zilizolala pwani. Januari 2025 nikaita watu. Mnunuzi wa chuma chakavu akasema shilingi 700,000. Fundi akasema 2,400,000. Mtu wa Arusha, kwa picha tu, akasema 4,000,000. Bwana mmoja akaninong'oneza niandike ile ya chakavu, kwani nani atajua?

Mnaikumbuka hadithi ya yule muuza nafaka ambaye Mtume (S.A.W) alitia mkono kwenye lundo lake akakuta umande ndani. Pale muuzaji alificha ubovu chini ya uzuri. Hapa mambo yamegeuka: mnunuzi ni mimi, mjuzi ni mimi, na uzuri ndio uliofichwa na vumbi. Mtume (S.A.W) amekataza pia kuwapokea wafanyabiashara njiani kabla hawajafika sokoni na kuijua bei. Dada yangu wa Wete ni msafiri yule hasa. Soko liko Arusha, habari ninayo mimi. Tukaandika 4,000,000, fungu moja 500,000. Mimi ninayo mafungu mawili, kwa hiyo nikadaiwa 3,000,000.

Zilinichukua miezi mitano kuzipata. Sikushika spana muda wote huo, na vijana wa jirani walinicheka.

Nikawapelekea. Mama akabakisha laki moja, laki nne akasema nikanunulie matairi. Dada mkubwa alirudisha zote baada ya wiki mbili, na barua. Dada mdogo, ambaye kikaoni ndiye aliyekuwa wa kwanza kusema amesamehe, alipokea 500,000 akalipia ada ya mwanawe wala hakurudisha hata mia. Nilifurahi kuliko kwa wote. Fikiria kama tungeishia mkekani: ningekuwa naendesha ada ya mpwa wangu huku nikisema alhamdulillah.

Wa Wete nilimpigia simu. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Kaka, mimi gari hilo sijalipanda hata siku moja. Nitumie fungu langu." Nikamtumia. Mdogo wetu akanung'unika kuwa ana roho ngumu. Nikamwambia, yeye si lazima alipende gari la baba ili arithi.

Za marehemu ndugu yetu zilikuwa 1,000,000. Mama 166,667, na hizo tena akawapa wajukuu zake kwa hiari yake. Mjane 125,000. Zilizobaki, 708,000 na ushee, ni za watoto, mvulana mafungu mawili na msichana moja. Ziko kwenye akaunti isiyo na riba kwa majina yao, na shemeji ana karatasi. Muhtasari wa kikao tulikuwa nao, msimamizi wa mirathi alithibitishwa na Mahakama ya Mwanzo, na kwa karatasi hizo kadi ya gari ikahama kutoka jina la mzee. Msiruke hatua hii. Gari lenye kadi ya marehemu na injini mpya ni ugomvi unaosubiri.

Haya, sasa spana.

Watu wanashangaa bodi haina kutu. Land Rover ya kwanza ilioneshwa Amsterdam mwaka 1948, wakati Uingereza chuma kilikuwa cha mgawo baada ya vita, ndiyo maana bodi yake ilitengenezwa kwa alumini. Lakini msidanganyike. Alumini ikigusana na bolti ya chuma kwenye hewa ya chumvi, huliwa taratibu na kubaki unga mweupe. Na chesisi ni chuma kitupu. Tuliigonga kwa nyundo ndogo kutoka mbele mpaka nyuma, tukisikiliza. Penye uzima pana mlio kama kengele, palipooza panaitikia kama debe lenye mchanga. Boriti ya nyuma ilikuwa imekwisha, na sakafu ya miguu ya dereva nyundo ilitokea upande wa pili.

Tulikata tukachomelea chuma kipya, cha unene uleule. Wapo wanaopaka bodi fila juu ya tundu kisha rangi. Hiyo ni nafaka yenye umande, na safari hii mlaji atakuwa barabarani na watoto nyuma. Kabla ya kuchomelea, betri ifunguliwe, na tangi litolewe kabisa lipelekwe mbali. Kwenye pikapu hii tangi liko chini ya kiti. Liliwahi kukauka miaka mingi, na bado lilikuwa na harufu ya petroli, na harufu hiyo inatosha kulipuka.

Injini yake ya petroli, 2.25, ilikuwa imeshikana haizunguki. Nikaweka ya Toyota, 3L ya dizeli, niliyoinunua Dar ikiwa na karatasi zake za forodha. Fundi mchongaji wa vyuma alitengeneza bamba la kuiunganisha na gia boksi ya zamani. Wapenzi wa asili wamenilaumu kwamba nimeiharibu. Nawaheshimu, lakini petroli ya injini ile siimudu, na ile ya zamani nimeihifadhi stoo kwa atakayependa kuifufua. La lazima ni kwamba namba ya injini mpya iingie kwenye kadi, nayo imeshaingia. Na usinunue injini isiyo na karatasi kwa sababu ni rahisi. Urahisi ule kuna mtu mahali analia.

Vifundo viwili vya gia ndogo, cha njano na chekundu, nimeviacha vilevile. Cha njano kimelika upande mmoja kwa kiganja cha mzee.

Nilipofikia sasa ni breki. Gari hili lina breki za ngoma magurudumu yote manne, na kwa injini yenye nguvu zaidi siwezi kulitoa uani kabla hazijawa sawa. Mipira na silinda za magurudumu nimepata mpya. Ngoma mbili za nyuma zimelika kupita kiasi cha kuchongwa, na muuzaji mmoja, simtaji, ameniletea za saizi nyingine mara mbili. Mwenye ngoma nzima za 109, Tanga, Pangani au hata Lushoto, aniandikie. Na kama zinatoka kwenye gari la marehemu lililo chini ya mwembe, njoo nazo pamoja na majina ya warithi wenzako, tutajua nani analipwa ngapi.

Wallaahu a'lam.