Barua kutoka Dubai: kasha la kompyuta yako

Mdogo wangu mpendwa,

Joto la huku Dubai linatutoa jasho tangu asubuhi, lakini kazi zinakwenda. Mzigo wa dukani nimeshaukabidhi kwa wakala wa meli, kwa hiyo sasa muda uliobaki ni wako. Uliniomba nikuchagulie kasha la kompyuta ya gemu, ukasema liwe zuri, lenye kioo na taa za rangi. Nimezunguka madukani, nimeshika, nimepima, nimewahoji mafundi. Nakuandikia kwa kirefu kwa sababu kuna jambo nataka ulielewe kabla sijatoa hela yako: kasha huchaguliwa kwa futi na kwa hewa. Kioo na taa hufuata nyuma.

Nikuanzie njiani. Nimefikia Deira, upande wa Naif, ambako ukitoka tu mlangoni unakisikia Kiswahili cha Kariakoo, cha Mombasa na cha Unguja. Maduka ya kompyuta yako ng'ambo, Bur Dubai. Ukitaka metro, unapanda mstari wa kijani hadi kituo cha Sharaf DG, kile kilichokuwa kikiitwa Al Fahidi. Mimi napenda abra, ile mashua ndogo ya kuvusha watu. Unalipa dirhamu moja, unavuka mkono wa bahari uitwao Khor kwa dakika chache, upepo unakupiga usoni, na kwenye gati la Deira unaona majahazi ya mbao yakipakia friji, matairi na maboksi. Ukishuka unapita soko la vitambaa, unaendelea kwa miguu hadi barabara ya Khalid bin Al Waleed. Kuanzia hapo na kuzunguka barabara ya Al Mankhool, kila duka ni kompyuta. Siku ukija mwenyewe, anzia jengo la Al Ain Centre, ambalo watu wanaliita Computer Plaza. Usije Ijumaa mchana, maana watu wanakuwa msikitini.

Wauzaji wengi ni Wahindi na Wapakistani, na wana subira kweli. Nilipomwambia mmoja kwamba mzigo unakwenda Dar es Salaam, alianza kunipangia makasha yanayowaka mbele, juu na pembeni, akisema vijana wa kwetu wanayapenda. Ni kweli yanapendeza. Lakini nilitoa karatasi yako ya vifaa mfukoni, nikatoa na futi kamba, nikamwomba atufungulie moja baada ya jingine. Tangu hapo mazungumzo yakawa ya maana, na yeye mwenyewe akaanza kunionyesha yaliyokuwa nyuma.

Tuanze na madabodi yako. Ni ya umbo la ATX, yaani milimita 305 kwa 244. Umbo hilo lilitolewa na Intel mwaka 1995, na mpaka leo matundu ya skrubu yako palepale. Fikiria maana yake. Prosesa utaibadilisha, kadi ya picha utaibadilisha, hata madabodi yenyewe itakwenda na kuja nyingine, lakini kasha zuri utakalonunua leo litazipokea zote. Ndiyo maana sikubaliani na mafundi wanaokwambia ununue kila kitu kwanza, kisha chenji itakayobaki ndiyo iwe ya kasha. Kati ya vitu vyote ulivyoandika, hiki ndicho utakachokaa nacho muda mrefu zaidi.

Najua uliwahi kuyatamani yale madogo ya Mini-ITX, ambayo madabodi yake ni milimita 170 kwa 170. Nimeyaona, yanavutia kweli, yanakaa hata kwenye kona ya meza. Ila madabodi yako haiingii humo, mengi yanadai pawasaplai ndogo ya SFX, na nafasi ya hewa ni finyu. Pia kuna somo la NZXT H1, kasha dogo lililotoka mwaka 2020. Mwaka 2021 wenye kasha hilo waliambiwa waache kulitumia mpaka lirekebishwe, kwa sababu skrubu zilizoshikilia kiunganishi cha kadi ya picha ziliweza kusababisha shoti na moto. Kampuni ilitoa sehemu mpya za kurekebisha. Silaumu makasha madogo yote, ila nafasi ikibana, kosa dogo la kiwandani linakuwa kubwa. Mtu anayejenga kwa mara ya kwanza, tena kwa mikono yake, apate chumba cha kuzungusha bisibisi.

Sasa vipimo vyenyewe. Viandike ukutani. Cha kwanza ni urefu wa kadi ya picha. RTX 4070 aliyoitengeneza Nvidia mwenyewe ina milimita 244, lakini zile za feni tatu kutoka kampuni nyingine, kama yako, hufika 300 na kupita. Cha pili ni kimo cha kipoza cha prosesa. Umeandika Noctua NH-D15, na hicho kina milimita 165. Cha tatu ni rejeta, endapo siku moja utahamia kupoza kwa maji. Rejeta ya kawaida ina unene wa milimita 27, na feni zake milimita 25, kwa hiyo ukiifunga mbele umekata milimita 52 kwenye nafasi ya kadi. Watu wengi wanasoma urefu ulioandikwa kwenye boksi wakasahau kutoa hizo.

Hapo ndipo lile kasha ulilonitumia picha yake lilipoanguka. Lian Li O11 Dynamic limetoka mwaka 2018 na limewafundisha wengine wote mtindo wa vioo viwili, mbele na ubavuni. Kadi ya hadi milimita 420 inaingia bila shida. Lakini kipoza kinaruhusiwa milimita 155 tu. NH-D15 yako ingegonga kioo. Kasha hilo limebuniwa kwa ajili ya rejeta, na feni unanunua mwenyewe. Kwa anayetaka kupoza kwa maji ni kasha bora kabisa. Kwa vifaa vyako halifai, na uzuri wake haubadilishi hesabu.

Twende kwenye hewa, ambayo kwangu ndiyo moyo wa suala lote. RTX 4070 inavuta wati 200 inapofanya kazi kwa nguvu, na karibu zote zinageuka kuwa joto ndani ya kasha. Weka prosesa juu yake. Feni haiwezi kupoza kitu chini ya joto la chumba, na chumba chako cha Temeke mwezi wa pili unakijua. Huku Dubai mtu anaweka kompyuta kwenye chumba chenye kiyoyozi mchana kutwa, kwa hiyo hata kasha lililozibwa kioo mbele linaweza kumvumilia. Wewe huna nafasi hiyo. Kila digrii utakayoipata itatoka kwenye mpangilio wa hewa.

Nyumba za zamani za pwani zilijengwa dirisha likitazamana na dirisha ili upepo uingie huku utokee kule, na kasha la kompyuta linataka vivyo hivyo. Feni za mbele ziingize hewa baridi, ya nyuma na za juu zitoe ya moto. Kwa hiyo uso wa mbele uwe wavu, usiwe kioo wala plastiki iliyozibwa. Nilichofanya madukani ni kuweka kiganja mbele ya kasha lililowashwa. Kwenye wavu unahisi hewa ikivutwa. Kwenye kioo kilichozibwa unasikia kelele za feni tu, kwa sababu hewa inapenya kwenye mianya midogo ya pembeni.

Jambo la pili la hewa ni vumbi. Ukiwa na feni nyingi za kuingiza kuliko za kutoa, hewa inajaa ndani na kutokea kwenye mianya, hivyo vumbi haliingii kupitia nyufa. Linabaki kuingia mbele tu, na hapo linakutana na chujio. Basi kagua chujio. Je, linatoka bila kufungua skrubu? Linaweza kuoshwa kwa maji? Lipo pia chini kwenye pawasaplai? Chujio linalohitaji bisibisi halitasafishwa, na chujio lisilosafishwa ni sawa na kuziba pua ya mashine.

Nilibakiza makasha matatu. La kwanza ni Fractal Design North, la Waswidi wa Gothenburg, lililotoka mwaka 2022. Uso wake una vibao vya mti halisi, mwaloni au mjozi, na feni mbili za milimita 140. Nakiri ndilo lililonivutia macho kuliko yote, na lenye kioo ubavuni linaruhusu kipoza cha milimita 170. La pili ni Lian Li Lancool 216, lenye feni mbili kubwa za milimita 160 mbele na moja ya 140 nyuma. Feni kubwa inasukuma hewa nyingi ikizunguka polepole, kwa hiyo kelele ni ndogo. Kadi hadi milimita 392. La tatu ni Corsair 4000D Airflow la mwaka 2020, lenye feni mbili za milimita 120, kadi hadi 360, kipoza hadi 170.

Pendekezo langu ni la tatu, na sababu ni vumbi. Uso wake wa chuma chenye matundu unang'oka kwa mkono, na nyuma yake kuna chujio unalotoa na kuosha bila kugusa skrubu. Juu kuna jingine la sumaku, chini kwenye pawasaplai lipo pia. Yale mengine mawili yanategemea zaidi wavu mwembamba wa mbele wenyewe. Utaongeza feni moja ya milimita 120 mbele, ziwe mbili za kuingiza na moja ya kutoa nyuma, na umemaliza. Kipoza chako kitabakiza milimita tano chini ya kioo, ambazo zinatosha.

Kuna mitego ambayo nataka uiepuke hata ukinunua Kariakoo. Makasha ya bei ya chini yanakuja na feni sita zinazowaka, na mtu anadhani amepata bahati. Angalia plagi zake. Nyingine zina plagi ya kiwanda kimoja tu inayoingia kwenye kiboksi chao, au zinachomekwa moja kwa moja kwenye pawasaplai. Hizo madabodi haiwezi kuziongoza, zitapiga kelele kwa kasi ileile mchana na usiku, na moja ikifa huipati ya kubadilisha. Feni ya pini nne ya kawaida inapatikana popote. Pia minya bati la ubavuni kwa kidole. Likibonyea kirahisi, litatetemeka feni zikizunguka. Na kwa kuwa wewe uko karibu na bahari, tazama kingo za ndani na matundu ya skrubu: chuma kisichopakwa rangi vizuri kitashika kutu. Mwisho, pima nafasi ya nyuma ya madabodi pa kupitishia nyaya. Nimekuta makasha mazuri kwa mbele ambayo kifuniko cha nyuma hakifungi ukishapanga nyaya zote.

Usafiri nao una hesabu yake. Boksi la 4000D nimelipima, ni sentimita 56 kwa 53 kwa 31. Kasha lenyewe halifiki kilo nane. Lakini kwenye mizigo ya ndege hupigwa hesabu ya ujazo, sentimita za ujazo zikigawanywa kwa 6,000, na hapo boksi hilo linalipiwa kama kilo 15 na ushei. Ukijumlisha pande zake tatu unapata sentimita 140, chini ya 158 ambazo mashirika mengi ya ndege hutumia kama kikomo cha begi moja. Kwa hiyo nitakuja nalo kama begi langu la pili na sitalipeleka kwa wakala wa mizigo. Halifunguliwi mpaka nyumbani. Kioo kigumu kama hiki kinavumilia kubonyezwa katikati, lakini kikigongwa pembeni kwenye sakafu ya vigae kinasambaratika chote, na lile povu la kiwandani linakinga hasa kona hizo. Dai risiti kila unaponunua hapa. Bei ina VAT ya asilimia 5, na mgeni anaweza kuomba arudishiwe sehemu ya kodi hiyo uwanja wa ndege kama ununuzi umefika dirhamu 250 na duka limesajiliwa kwenye mpango huo.

Sasa nahitaji majibu yako kabla sijarudi Bur Dubai. Nipe urefu kamili wa kadi uliyoagiza, kama ulivyoandikwa na kampuni, usinikadirie. Niambie kama unabaki na NH-D15. Chagua rangi, nyeusi au nyeupe. Na pima chini ya meza yako: kasha lina kimo cha sentimita 47, na linataka nafasi mbele na nyuma ili livute na kupumua. Kama meza imebanwa ukutani, isogeze leo. Ukinijibu usiku huu, kesho asubuhi navuka kulilipia.

Msalimie mama na watoto wote. Mwambie mama kitenge alichoagiza kimepatikana.

Wasalaam,
Kaka yako