Nachingwea na Ruangwa: Nani alichimba kisima, nani alikunywa maji?

Shule zikifungwa Desemba, mabasi ya kusini hujaa wazazi wanaopeleka watoto kwa bibi na babu. Safari ni ndefu. Mkuranga inapita, Kibiti inapita, Daraja la Mkapa juu ya Mto Rufiji linapita, na bado watoto wanauliza, "Mama, tumefika?" Baada ya Mingoyo njia ya Mtwara inaachwa kushoto, basi linashika Mtama na Nyangao. Likifika Nanganga, wanaokwenda Ruangwa hukata kulia. Wa Nachingwea wengi huendelea mpaka Masasi, kisha humalizia kama kilomita 45 zilizobaki.

Kutoka hapo dirishani ni mikorosho. Mabibo mekundu na ya njano yametapakaa chini ya miti, na harufu yake tamu iliyochacha inaingia hadi ndani ya gari. Mtoto wa mjini anayezijua korosho za pakiti tu hushangaa kuona kwamba tunda liko juu na korosho yenyewe inaning'inia chini, nje ya tunda.

Wazazi wengi huishia hapo: watoto wale mabibo, wacheze, wapige picha, warudi mjini. Lakini wilaya hizi mbili za Mkoa wa Lindi zina darasa jingine ambalo mtoto hatalipata kwenye simu. Darasa hilo ni la haki na dhuluma, na huanza jioni, bibi akishatandika mkeka.

Sungura na kisima

"Paukwa!" anaita bibi. "Pakawa!" wanaitikia wajukuu.

Hadithi ya Sungura na kisima inajulikana karibu Afrika Mashariki yote. Ukame uliingia, wanyama wakakubaliana kuchimba kisima. Sungura akakataa kuchimba. Maji yalipopatikana, wenzake wakaweka mlinzi ili mvivu yule asinywe. Sungura akaja na kibuyu cha asali, akamlambisha mlinzi, akamwambia atakayetaka zaidi akubali kwanza kufungwa kamba. Mlinzi akafungwa, Sungura akanywa, akaoga, akayachafua maji. Ikawa hivyo kwa mlinzi wa pili na wa tatu, mpaka Kobe alipojipaka ulimbo mgongoni, akajilaza kisimani kama jiwe. Sungura alipomkanyaga, akanasa.

Watoto huwa upande wa Sungura tangu mwanzo hadi mwisho. Wanacheka Fisi akifungwa kamba, na Sungura akinaswa wananyamaza. Kuna wasimulizi wanaomwacha aponyoke, na hapo mkeka mzima hushangilia.

Mtoto mmoja akiuliza, "Lakini bibi, Sungura si mwizi?" mzazi asiharakishe kumjibu. Swali hilo ndilo ufunguo wa safari yote. Sungura hakuchimba, kwa hiyo ni mwizi. Lakini ni mdogo kuliko Simba na Tembo, hana nguvu, ana akili tu, na ndiyo maana mnyonge humpenda. Mwizi na shujaa wamo katika ngozi moja. Na katika nchi ya Nachingwea na Ruangwa, swali la nani alichimba na nani alikunywa limeulizwa mara nyingi kwa watu wazima.

Karanga za Waingereza

Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilikuwa na upungufu mkubwa wa mafuta ya kula. Mwaka 1947 serikali yake ikaanza mpango wa kulima karanga Tanganyika, kwenye zaidi ya ekari milioni tatu. Maeneo yalikuwa matatu: Kongwa, Urambo na Nachingwea. Mashine zililetwa kwa meli, zikiwemo trekta zilizoundwa kutokana na vifaru vya vita. Ikajengwa bandari ya kina kirefu Mtwara, ikajengwa na reli ya kwenda Nachingwea. Mji wa Nachingwea nao ulikua kutokana na mpango huo.

Karanga zenyewe hazikuja kama zilivyohesabiwa kwenye karatasi. Misitu ilikuwa migumu kusafisha, mashine ziliharibika, mvua haikufuata ratiba ya London. Januari 1951 serikali ya Uingereza ikatangaza kuachana na mpango ule, zikiwa zimeteketea zaidi ya pauni milioni 35. Reli haikupata mzigo wa kutosha, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 ikafungwa na kung'olewa.

Hadithi hii husimuliwa kama kichekesho cha Wazungu walioshindwa na karanga. Kwa mtoto inafaa isimuliwe pia kutoka upande wa waliokuwepo. Hakuna Mmwera wala Mmakonde aliyepiga kura kukubali mpango huo. Ardhi ilipimwa na watu wa mbali, kwa faida ya jikoni za mbali, na ulipovunjika waliondoka. Wenyeji wakabaki na alama za barabara, majengo na mahali reli ilipokuwa. Hata hivyo bandari ya Mtwara ipo mpaka leo, na korosho za kusini hupitia hapo. Mpango ulikuwa wa dhuluma, na kitu cha maana kikabaki. Mtoto anaweza kuyabeba yote mawili kichwani bila kuchanganyikiwa.

Kambi ya uhuru

Sehemu ya ardhi ile ya karanga ilipata kazi nyingine. Katika miaka ya 1960 Tanzania iliwapa wapigania uhuru wa Msumbiji, FRELIMO, mahali pa kufanyia mazoezi Nachingwea. Eneo hilo watu bado wanaliita Farm 17, jina lililobaki tangu mashamba yalipokuwa yakihesabiwa kwa namba. Hapo walifunzwa wanaume na wanawake waliokwenda kupigana ng'ambo ya Mto Ruvuma. Samora Machel, aliyekuja kuwa rais wa kwanza wa Msumbiji, aliongoza mafunzo hapo.

Hiyo ni fahari ya Nachingwea, na mtoto aijue. Lakini mtoto mkubwa, wa sekondari, anaweza kuambiwa na sehemu ya pili. Mwaka 1975, wiki chache kabla ya uhuru wa Msumbiji wa tarehe 25 Juni, watu waliohesabiwa kuwa wasaliti waliletwa kambini hapo. Mmoja wao alikuwa Uria Simango, aliyewahi kuwa makamu wa rais wa FRELIMO. Alisomeshwa hadharani karatasi ndefu ya kukiri makosa. Baadaye aliuawa bila kufikishwa mbele ya mahakama.

Waliodai haki kwa mkoloni waliwanyima wenzao haki ya kusikilizwa. Hilo halifuti uhuru walioupigania, na uhuru hauwezi kulifuta hilo. Mzazi asiyetaka mwanawe akue akiamini kwamba aliye upande wetu hakosei, hatapata mfano ulio karibu na nyumbani kuliko huu.

Mikorosho iliyoachwa porini

Wakati huohuo, vijijini kulikuwa na jambo jingine. Katika miaka ya 1970 serikali ilihamisha watu kutoka makazi yaliyotawanyika na kuwakusanya katika vijiji. Lengo lililotangazwa lilikuwa jema: shule, zahanati na maji viwe karibu na watu. Wengi wa wanaosoma ukurasa huu leo wamepata elimu kwa sababu shule ilijengwa katika kijiji kama hicho.

Lakini mkorosho hauhamishwi. Familia zilizopelekwa mbali na miti yao hazikuweza kuipalilia. Ukichanganya na ugonjwa wa ubwiri unga, bei mbaya na malipo ya kusuasua, korosho ikaanguka. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna karibu tani 145,000. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 mavuno yalikuwa chini ya tani 20,000. Nyuma ya tarakimu hizo kuna babu aliyepanda miti akitegemea wajukuu watakula, halafu akaiona ikimezwa na pori.

Kijana mpenda kusoma atafutiwe riwaya ya Euphrase Kezilahabi, Gamba la Nyoka, iliyotoka mwaka 1979. Hadithi yake haiko Lindi, lakini inahusu watu kuhamishiwa kijiji cha ujamaa. Wanaopinga si wote wapumbavu, na wanaosimamia si wote wakatili. Mwandishi huyohuyo alimwumba Rosa wa Rosa Mistika, riwaya ya mwaka 1971: binti aliyelelewa kwa ukali na baba mlevi, kisha akapotea alipopata uhuru. Mzazi akimaliza kuisoma hubaki anajiuliza kosa ni la Rosa, la baba yake, au la wote waliotazama wakanyamaza.

Kangomba

Mtoto akitaka kumwona mhusika wa namna hiyo akitembea kwa miguu yake, kusini yupo. Anaitwa kangomba.

Mkulima wa korosho hupata fedha wakati wa mavuno, kuanzia Oktoba hivi. Fedha anazihitaji kabla: Juni hadi Agosti mikorosho lazima ipuliziwe salfa, mtoto anaumwa, msiba umetokea, sare imechanika. Ada ya shule ya serikali imeondolewa tangu 2016, lakini sare, daftari na viatu havijaondolewa. Hapo ndipo kangomba anabisha hodi. Anatoa fedha taslimu leo, na atalipwa korosho msimu ukifika, kwa kipimo chake na kwa bei ya chini sana.

Sheria inamkataza. Korosho inatakiwa kupelekwa kwenye chama cha msingi, ipimwe, iingie ghalani, iuzwe kwa mnada. Huo ndio mfumo wa stakabadhi ghalani, ulioanza kwenye korosho mwaka 2007, na kwa wakulima wa Ruangwa, Nachingwea na Liwale chama kikuu ni RUNALI. Mfumo uliwekwa ili kumkinga mkulima. Ila mfumo humlipa baada ya mnada. Kangomba hulipa usiku mtoto anapochemka homa.

Je, ni mnyonyaji? Ndiyo. Gunia analochukua lina thamani kubwa kuliko alichotoa. Je, ni mkombozi? Usiku ule, ndiyo. Na mara nyingi si mgeni. Ni jirani, ni shemeji, ni mtu wa msikiti mmoja.

Mwaka 2018 mambo haya yote yalikutana. Wakulima wa kusini walizikataa bei za mnada kwa kuwa zilikuwa chini. Novemba mwaka huo Rais John Magufuli alitangaza kwamba serikali itanunua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na malori ya jeshi yakatumwa kuzibeba. Watu wakashangilia. Kisha ukaja uhakiki: kila aliyepeleka korosho athibitishe kuwa ana shamba, kwa sababu serikali ilisema kangomba hatalipwa. Malipo yakachelewa. Januari shule zilifunguliwa na wazazi wengi walikuwa bado wanasubiri.

Bei ilikuwa nzuri, nia ya kumbana mnyonyaji ilieleweka. Aliyeumia ni mama aliyechimba kisima na kuambiwa asubiri kwanza ihakikiwe kama kweli alichimba. Na akiwa anasubiri, wa kumkopesha alikuwa nani, kama si kangomba tena?

Mzazi afanye nini?

Kwanza, mpeleke mtoto shambani asubuhi, aokote korosho mwenyewe walau saa moja, atenganishe korosho na bibo, abebe ndoo. Mgongo ukimuuma ataelewa hadithi ya kisima bila kuelezwa.

Pili, mkae na wazee. Kwa Wamwera mjomba ana sauti kubwa juu ya watoto wa dada yake, na mara nyingi ndiye anayejua nani alihamishwa kutoka wapi na mikorosho ya ukoo iko bonde lipi. Mtoto amsalimie kwa heshima, "Shikamoo mjomba," kisha aulize na asikilize. Mzazi asimkatize mjomba, hata kama maelezo yake hayafanani na ya kitabuni.

Tatu, mtoto akiuliza nani mbaya, mrudishie swali. Wa darasa la pili anatosha na Sungura: alifanya kosa gani, na kwa nini unampenda? Wa darasa la sita anaweza kufikiria reli: nani aliijenga, kwa ajili ya nani? Wa kidato cha tatu aachiwe kangomba, na aambiwe atafute dawa ambayo haimwachi mgonjwa akisubiri mnada.

Nne, raha iwepo. Ming'oko ikiwa msimu wake ichemshwe, iliwe na chumvi na pilipili. Mpenda mpira apelekwe Uwanja wa Majaliwa, Ruangwa, akaione Namungo ikicheza nyumbani. Mtoto anayeipenda sehemu ndiye anayejali dhuluma inayotokea hapo.

Siku ya kurudi, bibi hufunga mfuko wa korosho zilizobanguliwa kwa mkono, zile alizoacha kwa ajili ya wajukuu. Ganda la korosho lina mafuta yanayounguza ngozi, na anayebangua bila kinga vidole humweusika. Kabla ya mfuko kufunguliwa ndani ya basi, mzazi amwambie mtoto atazame kwanza mikono ya bibi anayemwagwa. Ndiyo iliyochimba.