"NISHUSHE HAPA": Neno Dogo Linalowashinda Vijana Wengi

Mjini hapa mtu anaweza kumchana staa mkubwa kwenye komenti mbele ya maelfu ya watu, lakini akiwa siti ya nyuma kwenye gari la mshkaji anayekimbiza balaa, mdomo unakuwa mzito. Anashikilia mlango, anakanyaga breki ambayo haipo, anasali kimoyomoyo. Kusema "punguza" hawezi. Anaogopa kuitwa mshamba.

Kuna binti mmoja wa Mbezi Beach alilisema. Walikuwa watano ndani ya Crown, wanatoka kula bata Masaki, saa tisa usiku. Dereva kashapiga bia kadhaa, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine umeshika simu anarekodi mshale wa spidi unavyogusa 120 ili aweke status. Muziki juu. Nyuma hakuna aliyefunga mkanda.

Mara ya kwanza binti akasema, "Kaka, punguza basi." Wakacheka. Mara ya pili wakaongeza sauti ya muziki. Mara ya tatu hakuomba tena. "Nishushe hapa." Akashuka kwenye sheli yenye taa na mlinzi, akaita bajaji kwa hela ambayo hakuipangia.

Sasa hapa ndipo stori inapowachanganya watu: wale wanne walifika salama. Hakuna ajali iliyotokea. Asubuhi grupu la WhatsApp likachafuka, stika kibao, dada wa watu akabatizwa jina "Bibi". Wiki nzima anachekwa. "Si unaona tumefika?"

Jamani, kufika sio ushahidi kwamba mlikuwa salama. Hesabu yake hii hapa: gari likiwa spidi 120 linakula mita 33 kila sekunde. Dereva akitazama simu sekunde tatu tu, kashapita mita 100, karibu urefu wa uwanja mzima wa mpira, bila kuona mbele. Akitokea mama anavuka, au bodaboda isiyo na taa, basi tena. Na wewe uliyekaa nyuma bila mkanda, gari likigonga na kusimama, wewe husimami. Unaendelea na spidi ile ile mpaka ukutane na siti ya mbele au kichwa cha rafiki yako.

Shirika la Afya Duniani linasema ajali za barabarani ndizo zinazoongoza duniani kuua watoto na vijana wa miaka 5 mpaka 29. Yaani umri wa watu waliokuwa kwenye ile Crown. Sio malaria, sio UKIMWI. Barabara.

Siku chache baadaye mmoja wa wale wanne akamfuata inbox. Jamaa la miraba minne, na ndiye aliyecheka kuliko wote. Akaandika kwamba usiku ule na yeye alikuwa anatetemeka, alitamani kushuka, ila aliona aibu. Binti hakumcheka. Akamjibu: "Siku nyingine tushuke wote. Atakosa wa kumuonyesha."

Hapo kamaliza kila kitu. Mbio za aina hii zinataka watazamaji. Watu wakigoma kushangilia, wengi wanapunguza wenyewe.

Na kwenye boda ni vilevile. Abiria ndiye mwenye nauli, kwa hiyo ana haki ya kudai helmeti, na kuifunga kabisa sio kuiweka kichwani kama kofia ya harusi. Ana haki ya kusema "bro, taratibu, sina haraka ya kufa." Ukitoka usiku, weka pembeni hela ya kurudia. Hiyo ndiyo inayokupa jeuri ya kushuka.

Jina "Bibi" bado lipo kwenye lile grupu. Mwenyewe analipenda. Anasema mtu haitwi bibi mpaka azeeke, na kuzeeka ndio mpango wake.

Haya, wewe ulishawahi kumwambia dereva akushushe? Au ulikaa kimya ukamuachia Mungu?