Matumbawe Si Kuku wa Gredi

Wadau, leo tuongee kuhusu kulisha matumbawe. Najua kuna mtu ashaanza kucheka. Garsen na matumbawe wapi na wapi? Hapa kwetu ni vumbi, miembe, ng'ombe wa Waorma, jua la kukaanga yai na mto wenye rangi ya chai ya maziwa. Lakini video zangu zinazotazamwa sana ni zile za bahari, na swali ninaloulizwa kuliko yote linatoka kwa watu wenye matangi ya maji ya chumvi sebuleni, Nairobi, Mombasa, hadi Dubai: "Bro, nilishe nini matumbawe yangu yakue haraka?"

Jibu fupi: lisha kidogo, na usitegemee chakula kikufanyie kazi ya mwanga na maji safi. Jibu refu ndilo hili hapa chini, na mwisho wake hautawafurahisha wote.

Tumbawe si jiwe, wala si mmea. Ni mnyama, tena ni wanyama wengi wadogo wanaoishi pamoja. Kila mmoja ana mdomo katikati, na kuzunguka mdomo ana vidole vya kuwasha, maana ni ndugu wa yavuyavu. Usiku aina nyingi hukunjua vile vidole na kukamata vijidudu vinavyoelea majini. Lakini kuna siri ndani ya nyama yake. Humo anaishi mwani mdogo sana usioonekana kwa macho, ambao hutumia mwanga wa jua kutengeneza sukari, kisha humpa mwenye nyumba sehemu kubwa. Kuna aina zinazopata hadi asilimia 90 ya nguvu zao kwa njia hiyo.

Kwa hiyo elewa hivi: mwanga ndio ugali, chakula unachotia wewe ndicho kitoweo. Kitoweo ni muhimu, kinaleta naitrojeni na fosforasi ya kujenga nyama. Lakini hakuna mtu anayeshiba kitoweo bila ugali. Na mifupa yake, ile sehemu ngumu tunayoiita jiwe, anaijenga kwa kalisiamu na kaboneti iliyoyeyuka majini. Tangi lako likiwa na kalisiamu chini sana ya miligramu 400 kwa lita, chumvi isiyofika gramu 35 kwa kilo ya maji, au joto linalorukaruka badala ya kutulia kwenye nyuzi 25 au 26, hata ukilisha kama harusi hakuna kitu.

Sasa kulisha kwenyewe. Ngoja jioni taa zipungue na vidole vitoke. Zima pampu kubwa kwa dakika kumi hadi kumi na tano, chakula kisipeperushwe. Chukua sirinji isiyo na sindano, chora maji yenye chakula kidogo, kisha achilia taratibu karibu na midomo. Usimwage juu kama unalisha bata. Matumbawe ya midomo mikubwa yanaweza kumeza kipande cha kamba, yale ya midomo midogo yanataka chembe ndogo kabisa. Mara moja au mbili kwa wiki inatosha kwa matangi mengi. Kinachobaki kinaoza, kinageuka naitreti na fosfeti, mwani wa kijani unashangilia, na fosfeti ikizidi inazuia hata ile mifupa kujengeka. Yaani umenunua chakula cha bei ili kumlisha adui wa tumbawe lako.

Kuku wa gredi unaweza kumjaza chakula na baada ya wiki sita umpeleke sokoni. Tumbawe halina haraka hiyo. Yale ya mviringo, ya kama jabali, mengi hukua sentimita moja hivi kwa mwaka. Ya matawi hukimbia zaidi, mengine sentimita kumi au kupita. Lakini lile jabali lenye ukubwa wa sahani, jua unaangalia umri wa mtoto wa shule.

Na kwa wale wanaoagiza chakula kutoka Marekani kwa dola, niwape habari ya nyumbani. Ukitoka Malindi kuja huku, ukipita Gongoni na Marereni, upande wa bahari kuna mabwawa ya chumvi. Humo kuna artemia, kijidudu cha jamii ya uduvi kinachopenda maji ya chumvi kali. Kililetwa kutoka nje miaka ya 1980 kikapandwa kwenye mabwawa hayo, na watafiti wa taasisi yetu ya bahari na uvuvi, KMFRI, wamefanya kazi na vikundi vya wanavijiji kukifuga. Mayai yake hukauka kama vumbi la kahawia. Ukiyatia kwenye maji ya chumvi yenye hewa na joto, kwa siku moja hivi yanaanguliwa. Vitoto hivyo ni chakula kizuri cha matumbawe, hasa vikiliwa mapema kabla havijamaliza kiini cha yai. Kwa hiyo chakula cha matumbawe kiko njiani kwetu, tunakipita na basi tukiwa tumelala.

Twende sasa kwa mto, maana mimi ni Mpokomo na siwezi kumaliza posti bila mto. Tana ni mto mrefu kuliko yote Kenya, karibu kilomita 1,000, unatoka nyanda za juu za Mlima Kenya na Aberdare hadi Kipini, kwenye Ghuba ya Ungwana. Bibi yangu amelima kando yake maisha yote. Mto ukipanda ukashuka unaacha udongo mpya, na udongo huo ndio mbolea yetu ya mpunga na ndizi. Ukipanda kupita kiasi, unachukua shamba lenyewe. Mwishoni mwa 2023, na tena Aprili na Mei 2024, tuliona upande huo wa pili. Maji yalifika kiunoni ndani ya nyumba yetu. Bibi alikaa juu ya tuta na kuku watatu, akasema, "Mto umetulisha hadi tumetapika."

Matope hayo huishia baharini. Ndiyo maana miamba ya matumbawe inayofuata pwani yetu hukatika kwenye mito mikubwa, Sabaki na Tana. Maji matamu na matope havipatani na tumbawe: matope yanaziba mwanga na kumfunika akiwa hai. Lakini matope hayohayo ndiyo yanayofanya Ghuba ya Ungwana iwe na kamba watamu wanaoliwa hadi ng'ambo. Shibe ya kamba ni kifo cha tumbawe. Sasa wewe unayemwaga chakula kwenye tangi bila kupima, ujue unatengeneza mdomo wa Tana sebuleni kwako.

Hapa ndipo ninapokuja kwa jambo linalonikera. Mwaka jana jamaa mmoja mwenye tangi kubwa aliniandikia. Matumbawe yake yalikuwa yamedumaa licha ya vyakula vyote. Akaniambia, "Wewe uko karibu na Malindi. Nitafutie vipande vikubwa vilivyokomaa, nakupa elfu tano kwa kimoja." Wadau, sitawadanganya, elfu tano ni pesa. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, nilikuwa nasomea mambo ya bahari na uvuvi, karo ikakwama. Dada yangu yuko sekondari. Simu ninayotumia kupiga video ina ufa katikati. Vipande vinne vingekuwa elfu ishirini, na nina mjomba mwenye mashua Ngomeni.

Nilimjibu hapana, halafu nikaenda kukopa bando.

Sababu ya kwanza ni sheria. Hifadhi ya bahari ya Malindi iko tangu 1968, na kung'oa kitu humo ni kesi. Matumbawe yote ya mawe yako pia kwenye orodha ya pili ya mkataba wa CITES, huwezi kuyavusha mpaka bila kibali. Sababu ya pili nilipewa na mjomba mwenyewe nilipomsimulia. Alisema, "Ukibeba nyumba, samaki atalala wapi? Na mimi nitalala vipi?" Sababu ya tatu ni hesabu. Mwaka 1998 bahari ilipata joto kupita kiasi, matumbawe yakatema mwani wake, yakapauka, na mengi sana kwenye pwani ya Kenya yakafa. Mwaka 2024 wanasayansi wametangaza upaukaji wa nne wa dunia nzima. Kilichovumilia yote hayo na bado kiko hai, mimi ndiye nikakitoe kwa nyundo ili kikae chini ya taa ya buluu karibu na televisheni?

Sichukii wenye matangi. Mimi mwenyewe nimejifunza mengi kwao. Mtu anayejua kupima fosfeti anaelewa bahari kuliko mtu anayeipigia selfi tu. Ninachosema ni hiki: ukitaka tumbawe, omba kipande kwa mwenzako ambaye lake limekua. Matumbawe ya matawi hukatwa na kupandikizwa kama mihogo. Likidumaa, pima maji kwanza, angalia taa, angalia mwendo wa maji, chakula kije mwisho.

Kule Mkwiro, kisiwani Wasini, vijana wa kijiji wanafanya kazi na REEFolution. Wananing'iniza vipande vya matumbawe kwenye vitalu chini ya bahari, wanavisafisha mwani, vikikomaa wanavipandikiza kwenye miundo waliyoiteremsha chini. Hakuna anayevilisha kwa sirinji. Bahari inavilisha, wao kazi yao ni kuondoa vizuizi.

Kuna wanaoniambia sina cheti kwa hiyo ninyamaze. Sawa. Kila nilichoandika hapa unaweza kukipima kwa tangi lako na kipima maji cha dukani. Kikikataa, nirudie. Na yule wa elfu tano, kama bado anasoma: pesa hiyo inatosha nauli yangu hadi Shimoni. Nikifika nitakupigia video ya kitalu kizima, bure.