White Sands: Hesabu maji kabla ya kuhesabu picha

Mtu anayefika White Sands kwa mara ya kwanza, kusini mwa jimbo la New Mexico nchini Marekani, anaweza kudhani ameingia kwenye theluji. Vilima vyeupe vimetapakaa hadi macho yanapoishia, katika eneo la kilomita za mraba zipatazo 700. Lakini ule ni mchanga wa jasi, madini yaleyale ya dari za jipsamu majumbani. Hakuna kwingine duniani kwenye vilima vingi vya jasi kama hapo.

Jasi haishiki joto kama mchanga mwingine. Hata wakati wa kiangazi mtoto huvua viatu na kuteleza kilimani bila kuungua nyayo. Ndiyo maana familia nyingi huja, na baadhi huning'iniza begani kamera ya zamani ya mkanda wenye picha 36.

Weupe unaoidanganya kamera

Kipima mwanga cha kamera kimetengenezwa kikiamini kwamba kila kilicho mbele yake kina rangi ya wastani, yaani kijivu. Kikielekezwa kwenye mchanga mweupe, huona mwanga umezidi na kuupunguza. Picha zikishasafishwa, mchanga unatoka kijivu kama saruji, na uso wa mtoto aliyevaa kofia unakuwa giza tupu.

Dawa yake ni kuongeza mwanga hatua moja hadi mbili juu ya kile kipimo kinachosema. Kwa picha ya mtoto, msogelee, pima mwanga wa uso wake, kisha rudi nyuma upige bila kubadilisha kipimo. Mkanda wa kawaida wa negativu huvumilia mwanga uliozidi kuliko uliopungua. Mkanda wa slaidi hausamehe.

Saa nayo ina kauli yake. Jua la utosi hufuta vivuli, na vilima vyote huonekana kama shuka moja jeupe. Asubuhi na mapema, au jioni jua linapoelekea kuzama, kila wimbi la mchanga hutupa kivuli chake. Anayetumia mkanda wa rangi nyeusi na nyeupe akiweka kichujio chekundu, anga la bluu hukolea weusi na vilima hung'aa.

Saa nzuri kwa picha ndizo saa salama kwa mwili. Mchanga mweupe hurudisha miale ya jua juu, hivyo ngozi huungua hata chini ya kidevu, mahali ambapo kofia haifiki. Watoto wavae miwani ya jua, na asiwepo wa kuchungulia jua moja kwa moja kupitia lenzi.

Chupa mbili za maji

Agosti 2015, wazazi wawili kutoka Ufaransa walifariki kwa joto hapo, wakitembea na mtoto wao katika njia ya Alkali Flat. Njia hiyo ni kama kilomita 8 kwenda na kurudi, ni ya kupanda na kushuka vilima, haina kivuli wala maji. Joto siku hiyo lilikuwa karibu nyuzi 38. Walibeba chupa mbili ndogo za maji. Mtoto alipona. Mkuu wa polisi wa eneo hilo alieleza kuwa huenda kilichomwokoa ni kwamba wazazi walimpa maji mara mbili ya waliyokunywa wao.

Nyayo zinasema pana ubaridi huku mwili unapoteza maji. Hewa kavu hukausha jasho mara moja, hivyo mtu hajui ametoka jasho kiasi gani. Kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na misuli kukaza ni dalili za kusimama, kunywa maji na kurudi. Mtu akianza kuchanganyikiwa au kuzimia, hiyo ni dharura: apozwe mwili mara moja na msaada uitwe.

Kila mtu anahitaji kama lita 4 za maji kwa siku, na ndani ya vilima hakuna bomba. Maji hupatikana kwenye kituo cha wageni langoni. Nusu ya maji ikiisha, geuzeni, hata kama mkanda bado una picha 20.

Wapiga picha hujua kwamba mkanda ukiachwa ndani ya gari lililofungwa juani huharibika. Mzazi anayekumbuka kuutoa mkanda akumbuke zaidi mtoto, hata kama ni kwa dakika tano.

Nyayo za aliyebeba mtoto

Mwaka 2020 watafiti walieleza kuhusu nyayo za zaidi ya miaka 10,000 zilizobaki kwenye tope la kale la White Sands. Mtu mmoja, pengine mwanamke au kijana, alitembea zaidi ya kilomita moja na nusu akiwa amebeba mtoto mdogo. Hapa na pale huonekana nyayo ndogo, pale mtoto aliposhushwa chini. Baadaye mnyama mkubwa wa aina ya tembo wa kale alipita juu ya njia hiyo.

Mtu huyo alikwenda haraka, kisha akarudi kwa njia ileile. Hakukuwa na kamera. Tope lenyewe limetunza mahali alipomshusha mtoto, kabla ya kumbeba tena na kuendelea.