Krimu Haiuzwi kwa Mgeni

Nauza pochi za mtumba Mkumbi, wilayani Mbinga: pochi za kina mama, mikoba ya kazini, na shule zikikaribia kufunguliwa, mabegi ya wanafunzi. Wanaoitazama biashara hii kwa mbali hudhani siri yake ni mtaji, kwamba mwenye fedha nyingi anapata belo zuri na mwenye kidogo anaambulia makapi. Mtaji unasaidia, lakini haufungui mlango huo. Belo la krimu, lile ambalo pochi zake ni ngozi kweli, zipu zinateleza na bitana haijachanika, huwa haliwekwi mbele ya duka. Nenda Kariakoo, Dar es Salaam, na fedha taslimu, uliza, utajibiwa kwa adabu kwamba limeisha. Halijaisha. Limewekewa mtu, na mtu huyo kawekewa kwa sababu ya alichonunua miezi iliyopita.

Wasichana wengi wa huku wanaotaka kuanza wananiuliza nalipataje. Nitaeleza lote, pamoja na sehemu ambayo wafanyabiashara wenzangu hawapendi isemwe.

Belo la pochi linafika likiwa limebanwa kwa mashine na kufungwa mikanda ya plastiki, na karatasi inayotaja uzito na gredi. Kwa tajiri wa jumla huruhusiwi kulifungua wala kuchungulia. Unalipa, unabeba, unakwenda kufungulia kwako. Mzigo wa Korea unasifika kwa pochi, lakini karatasi ya Korea haikuhakikishii chochote. Anayejua kilichomo, au walau anayekisia karibu na ukweli, ni tajiri mwenyewe, maana anafahamu alikoagiza na amesikia waliotangulia kufungua mzigo wa kontena lile lile wanasemaje. Kwa hiyo unachonunua kwake, kabla ya pochi zenyewe, ni neno lake. Na neno la kweli halitoi kwa kila aingiaye.

Ukilifungua, kazi ya kwanza ni kuchambua. Nabonyeza kila pochi kwa kidole gumba: ngozi ya kweli inajikunja vimikunjo vidogo kisha inarudi, ya plastiki inabonyea tu. Ile ya plastiki iliyokaa muda mrefu kwenye joto la kontena inaanza kubanduka magamba, na hapo hakuna dawa. Nzima nazijaza magazeti makuukuu zirudi umbo lake, naziacha kivulini, halafu napitisha mafuta ya mgando kidogo kwa kitambaa. Mifukoni natoa sarafu za Korea, risiti zilizofifia, mara nyingine rangi ya midomo iliyobaki nusu. Belo la krimu likifunguliwa, zinazotupwa ni chache. Belo la kawaida, rundo la zinazobanduka linaweza kushinda rundo la nzima.

Sasa kwa nini tajiri asipandishe tu bei ya krimu, akaliuza kwa atakayetaja kubwa? Nilijiuliza hivyo mwanzoni, mpaka nilipoelewa hesabu zake. Kontena haliji na krimu tupu. Linakuja na mchanganyiko, na yote yamelipiwa ushuru, usafiri na pango la stoo. Krimu ingetoka siku ile ile kwa bei yoyote; tatizo lake ni yale mengine. Akiliuza krimu kwa mgeni mwenye fedha, amepata faida mara moja na mabelo ya kawaida yamebaki yamemkodolea macho. Akilihifadhi kwa yule anayemsaidia kuyaondoa, krimu moja inamuuzia mabelo kadhaa. Ni chambo, na wavuvi wa Mbamba Bay watakwambia chambo hakiliwi na mvuvi wala hakigawiwi bure.

Kwa hiyo historia yako kwa tajiri haijengwi kwa jumla ya fedha ulizotoa. Inajengwa kwa vitu vitatu: ulinunua mwezi gani, ulichukua mzigo gani, na ulifanya nini ulipopata mbaya.

Mwezi ndio mkubwa kuliko vyote. Huku kwetu Umatengoni fedha ni kahawa. Inachumwa kuanzia katikati ya mwaka, inapelekwa AMCOS, chama cha ushirika, na malipo yakitoka watu wananunua: kuna komunio, kipaimara, harusi, upadrisho wa kijana wa kigango. Miezi hiyo kila mchuuzi wa kusini anapiga simu Kariakoo na tajiri hana shida nawe. Februari ni habari nyingine. Mvua inanyesha, ada zimekwishameza akiba, kahawa bado iko mtini, na wengine wamebanwa hadi wanaiuza ikiwa mbichi shambani kwa bei ya kutupa, uuzaji tunaouita magoma. Hakuna anayewaza pochi. Anayetuma fedha ya belo Februari ndiye jina lake linakaa kichwani mwa tajiri hadi Agosti.

Kuhusu mzigo mbaya, sheria ni moja: usigombe kaunta mbele ya wateja. Piga picha zile zinazobanduka, mtumie kwenye simu, mwambie kwa upole halikwenda vizuri, basi. Usidai kurudishiwa. Harudishi, na ukidai anakufuta. Ukinyamaza kabisa nako si vizuri, maana atadhani hujui mali. Anatakiwa ajue kwamba umeona, umehesabu, na umestahimili. Hapo ndipo simu inakuja, mara nyingi usiku duka likishafungwa.

"Mama Mbinga, hujambo?"

"Sijambo, kaka. Habari za kazi?"

"Nzuri. Nimekuwekea moja. La Korea. Usimwambie mtu."

"Asante, kaka. Mpaka lini?"

"Tuma kabla ya kesho mchana, jioni liko kwenye basi."

Kariakoo hakuna anayenijua kwa jina la Mkumbi. Naitwa Mama Mbinga, kama mwingine anavyoitwa Mama Njombe. Siku nilipoanza kuitwa hivyo na vijana wa stoo, nilijua nimeingia daftarini.

Wakubwa wa dunia nao wamo katika mchezo huu huu. Kampuni ya Hermès ya Paris, iliyoanza mwaka 1837 kwa kutengeneza lijamu na hatamu za farasi, ina mkoba uitwao Birkin. Umepewa jina la Jane Birkin, mwigizaji na mwimbaji Mwingereza, ambaye mwaka 1984 aliketi ndani ya ndege karibu na mkuu wa kampuni hiyo, Jean-Louis Dumas, akamlalamikia kwamba hapati mkoba wa kumfaa mama mwenye mtoto mdogo. Ule wa kwanza aliotengenezewa yeye uliuzwa mnadani Paris Julai 2025 kwa yuro milioni 8.6. Lakini hata mpya wa dukani hauupati kwa kuingia na kuuomba. Wateja wanasimulia kwamba kwanza unanunua skafu, mikanda, viatu na vyombo vya mezani, kwa muuzaji yule yule, mpaka akuzoee. Ndipo siku moja anakuita pembeni. Mwaka 2024 wateja wa California walikwenda mahakamani wakidai kwamba kumlazimisha mtu anunue vingine ili apewe Birkin ni kuvunja sheria za ushindani. Kampuni ilikana, na mwaka 2025 jaji akalitupa shauri.

Niliposikia habari hiyo nilicheka, kwa sababu mambo yanafanana mpaka kwenye adhabu. Mteja wa Birkin akiuza mkoba wake haraka kwa walanguzi, ambao hulipa zaidi ya bei ya duka, haitwi tena. Nami nikipokea belo la krimu nikamuuzia mchuuzi mwenzangu wa Songea likiwa bado na mikanda yake, nikachukua faida bila jasho, tajiri akisikia nimekwisha. Na atasikia.

Ila kuna tofauti moja, na hiyo ndiyo sehemu isiyopendwa. Mama wa Paris anajenga historia kwa fedha zake, na ile mikanda anabaki nayo anaivaa. Mimi belo la kawaida silivai. Linauzwa Mkumbi. Pochi iliyoanza kubanduka ameinunua jirani yangu mwezi wa njaa, kwa bei ya chini ndiyo, lakini ameinunua, na fedha yake ndiyo iliyonifanya nisizame nikiwa nalisubiri krimu. Historia inayoitwa ya Mama Mbinga imechangiwa na wanawake wasiojua hata kama ipo.

Na ina gharama inayohesabika. Tuseme belo la kawaida ni laki nne na la krimu laki saba. Tuseme ili uwekewe moja umechukua matatu ya kawaida, na kila moja limekukata elfu hamsini. Basi krimu yako si laki saba, ni laki nane na nusu, na hujahesabu nauli ya mzigo wala mtaji uliolala. Wachuuzi wengi wanasifia faida ya krimu kwa kuanzia laki saba. Ndiyo maana wanashangaa mwisho wa mwaka fedha ilikwenda wapi.

Jingine la kuliangalia ni kwamba historia inakaa kichwani mwa mtu. Duka moja nililozoea lilibadilisha kijana wa kaunta, na mpya akaniangalia kama niliyeshuka basi jana. Risiti zangu zote zilikuwa halali, ila hazikumwambia kitu. Tangu hapo nahakikisha wananijua wawili, tajiri na msimamizi wa stoo, na meseji za malipo nazitunza zote. Na sitegemei duka moja, ingawa hata hilo si kinga kamili. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walipoazimia kuiondoa mitumba ifikapo 2019, na ushuru wa nguo kuukuu ukapanda kutoka senti 20 za dola hadi senti 40 kwa kilo, soko zima lilitetemeka. Marufuku yenyewe haikufika kwetu, lakini lilikuwa fundisho: jina ulilolijenga kwa tajiri linaweza kufutwa na uamuzi ambao hata yeye hakuulizwa.

Upande wangu wa kaunta, tajiri ni mimi. Belo la krimu likifika, walimu na wauguzi wananipigia, na wapo wa Mbinga mjini walio tayari kutuma fedha kabla sijafungua. Nina daftari. Siandiki nani amenunua kwa fedha nyingi. Naandika nani alinunua kuanzia Januari hadi Aprili, na alichukua nini. Hao ndio wanaoitwa kwanza, hata kama kilichonunuliwa ni kipochi cha elfu tatu cha kuwekea simu. Wanachagua, wanaweka oda, wanalipa kidogo kidogo mpaka kahawa itoke. Wa mjini wanapata kinachobaki. Sheria hii nimeitamka wazi, kila mtu anaijua, na hakuna anayetakiwa kununua asichohitaji ili aingie daftarini. Wakati wa njaa akija mtu kuninunulia kwa ajili ya kuandikwa tu, namwambia akanunue mbolea.

Najua nikiwauzia wa mjini kwanza ningepata zaidi. Lakini Februari wa mjini hawapo, na bila Februari hakuna Agosti.

Kwa anayeanza, basi: kabla ya kutuma fedha ya belo la kujijengea jina, taja kwa majina watu wa kijijini kwako watakaolinunua, na bei watakayoimudu mwezi huo. Usipoweza kuwataja, belo hilo ni kubwa kuliko wewe. Panga mapema ni mangapi ya kawaida unaweza kuyabeba kwa mwaka, na usiongeze hata tajiri akikubembeleza. Siku atakaposema, "Chukua haya matatu ya kawaida ndipo nikupe la Korea," fanya hesabu pale pale. Ikikataa, mjibu, "Wakati mwingine, kaka," uage na uondoke. Mimi nimeshamjibu hivyo, na bado ananipigia simu.